Matundu yanatoka kama yai: wajuzi wa kujaza risasi za .223 naomba msaada

#1 Mgosi_wa_Dakota

Wakuu, habari za Jumapili.

Mimi ni mtu wa Lushoto, ila mwaka wa sita sasa nipo South Dakota, kwenye ranchi ya ng'ombe kusini mwa Rapid City. Ranchi ina prairie dog wasio na idadi. Kwa ambao hawajawahi kumwona: jina linasema mbwa lakini umbwa hana hata chembe, ni kindi wa ardhini, kilo moja hivi, anasimama wima mlangoni mwa shimo lake anapiga kelele kama filimbi. Wanafyeka nyasi mpaka ardhi inabaki kipara, na mwenye ranchi analia kwamba malisho ya ng'ombe yanaisha. Amenipa ruhusa niwapunguze. Kibali cha kuwinda ninacho, kadi ya kijani ninayo, kwa hiyo msinianze na hilo.

Mwaka juzi nilinunua bunduki ya Remington 700 ya mtumba, kaliba .223, mtutu mnene mzito. Risasi za dukani za kazi hii nalipa dola 27 kwa boksi la 20, na siku nzuri mbugani mtu anaweza kupiga 150. Nikaona huu si mchezo wa mchunga ng'ombe. Nikanunua presi ya RCBS ya mtumba (mashine ya mkono ya kujazia), seti ya kalibu (vyuma vya kubania ganda lirudi umbo lake), mizani, nikaanza kujaza mwenyewe.

Maneno kwanza tuelewane, maana Kiswahili chetu kinaita kila kitu "risasi", mpaka na madini yenyewe. Nikisema *ganda* ni ile shaba ya nje. *Fataki* ni kile kidude cha kuwashia kitakoni. *Baruti* mnaijua. *Kichwa* ni kile kinachoruka. Uzito wa kichwa na baruti huku wanapima kwa greni, 7,000 katika pauni moja.

Sasa tatizo. Muuzaji aliniambia kwa upepo wa Dakota nichukue vichwa vizito, nikachukua mia mbili za greni 75. Kwa yadi 100 risasi tano zinatawanyika inchi nne, na matundu kwenye karatasi si ya duara. Yana umbo la yai, moja limechanika kabisa kama kichwa kilipita ubavu. Baruti nimepima moja moja kwenye mizani, sijakisia.

Nakosea wapi?

#2 Mlugaluga

Kumbe hii ni gobore ya kisasa 😂 Babu yangu alikuwa anamimina baruti mtutuni, anashindilia kwa ufito, anaweka fataki, halafu familia nzima tunaziba masikio. Matundu ya babu yalikuwa na umbo la chochote kile.

Swali la kweli: na huku Bongo mtu anaruhusiwa?

#3 Mkale_wa_Casper

Mlugaluga, hapana. Usijaribu. Tanzania kuna sheria ya silaha na risasi ya 2015, na kwetu Kenya kuna Sura ya 114; kote kuwili kutengeneza risasi bila leseni ya serikali kunakupeleka ndani moja kwa moja. Uzi huu ni wa watu walio Marekani.

Mgosi, kabla hatujaenda mbali: mtutu wako una msokoto gani?

#4 Mgosi_wa_Dakota

Msokoto ndio nini boss? Kwenye mtutu imeandikwa .223 REM tu.

#5 Mkale_wa_Casper

Ile mifuo ya ndani ya mtutu inazunguka. Ukiambiwa 1 kwa 8 maana yake kichwa kinamaliza mzunguko mmoja kila inchi 8. Kichwa kirefu kinataka mzunguko wa haraka ili kisipepesuke. Hizo 75 zako zinataka 1 kwa 8 au kasi zaidi. Remington nyingi za zamani za kaliba hiyo zilitoka na 1 kwa 12. Kama yako ni hiyo, umepata jibu. Kichwa kinatoka mtutuni kikiyumba kama pia inayokaribia kuanguka, kinafika kwenye karatasi kikiwa upande. Ndiyo hilo yai lako.

Kupima ni bure. Chukua ufito wa kusafishia wenye kishikio kinachozunguka chenyewe, funga kitambaa kibane kwelikweli, ingiza mpaka kishike mifuo. Weka alama mbili kwenye ufito: moja ya kuonyesha ulipoanza, nyingine ya juu ili uone unavyogeuka. Sukuma polepole. Alama ya juu ikirudi juu, pima umekwenda inchi ngapi. Rudia mara tatu.

#6 Dogo_Lincoln

Au ongeza baruti tu kichwa kipate kasi, kikienda haraka na mzunguko unaongezeka. Ni fizikia hiyo.

#7 Mzee_Mizani

Dogo, futa hilo neno kabla mtu hajalifuata.

Hesabu yenyewe hii hapa. Mtutu wa 1 kwa 12 ni mzunguko mmoja kwa kila futi. Kichwa kikitoka kwa futi 3,200 kwa sekunde kinazunguka mara 3,200 kwa sekunde, sawa na 192,000 kwa dakika. Sasa ukitaka kufikia mzunguko wa mtutu wa 1 kwa 8 kwa kuongeza kasi peke yake, itabidi kasi izidi kwa nusu nzima. Hakuna .223 duniani itakayokupa hicho. Utapasua chemba, kile chumba cha mtutu ambamo risasi inakaa, karibu na jicho lako kabla hujafika robo ya njia. Na hata ungefika, kinachoamua zaidi ni urefu wa kichwa na msokoto, kasi inasaidia kidogo sana.

Jeshi la Marekani lenyewe lilikutana na jambo hili. AR-15 za mwanzo zilikuwa 1 kwa 14 na kichwa cha greni 55. Wakazipeleka kwenye baridi kali, hewa ya baridi ni nzito, vichwa vikaanza kuyumba, wakahamia 1 kwa 12. Baadaye walipochukua kichwa kirefu zaidi wakaenda mpaka 1 kwa 7. Hakuna aliyesema "ongeza baruti".

Kiwango cha baruti mtu anakitoa kwenye kitabu cha mtengenezaji wa baruti au wa kichwa. Hakitoki kwenye uzi, kwa jirani, wala kwangu mimi. Ndiyo maana hamtaniona nikiandika kiwango hapa, na mwingine akiandika nitamwomba msimamizi akitoe.

#8 Mgosi_wa_Dakota

Shikamoo Mzee Mizani.

Nimepima mara nne. 1 kwa 12. Nimekaa nikaangalia vile vichwa mia moja na themanini vilivyobaki nikacheka peke yangu gereji.

#9 Mzee_Mizani

Marahaba. Vitunze, havili chakula. Chukua vya greni 50 au 55 vyenye ngozi nyembamba (lile koti la shaba la nje), mtutu wako ulizaliwa kwa ajili hiyo. Ukibadilisha kichwa unaanza upya kabisa kwenye kitabu, kwenye kiwango cha chini. Usiseme "baruti ni ileile".

#10 Bi_Nebraska

Jamani mimi msomaji tu wa jukwaa hili lakini leo mmenigusa, maana mume wangu na presi yake tuliwahi kukaribia kugombana. Alikuwa anasafisha maganda kwenye ile mashine ya kutikisa, kavu, ndani ya chumba cha kufulia. Mimi ni nesi. Mtoto wetu alipopimwa damu kwenye kliniki, madini ya risasi yakaonekana yako juu. Hayakuwa juu sana, lakini yapo. Tukafuatilia: fataki nyingi zina madini ya risasi ndani, ikilipuka masizi yanabaki kwenye ganda, mashine inayatikisa yanakuwa vumbi, vumbi linakaa kwenye nguo za mtoto.

Sasa anaosha kwa maji kwenye ndoo yenye kifuniko, nje, glavu mikononi, na kabla ya kula ananawa mpaka kwenye kiwiko. Mgosi una watoto?

#11 Mgosi_wa_Dakota

Ninao wawili dada. Na natumia hiyohiyo ya kutikisa, gereji, mlango umefungwa kwa sababu ya baridi. Asante sana. Leo inatoka nje.

#12 Dogo_Lincoln

Mzee nimeelewa, samahani. Swali jingine: mimi nipo na visa ya mwanafunzi, F1. Naruhusiwa kununua vifaa hivi?

#13 Mkale_wa_Casper

Hapa ndipo wengi wetu tunaumia, soma vizuri. Sheria ya shirikisho inamkataza mtu mwenye visa ya muda kumiliki bunduki AU RISASI. Si bunduki tu. Kuna misamaha michache, na unaotumika zaidi ni kuwa na leseni halali ya kuwinda iliyotolewa na jimbo. Leseni ikiisha muda, msamaha umeisha nayo, na ile boksi iliyobaki chini ya kitanda imekuwa kosa la jinai la kukurudisha nyumbani. Usimwamini rafiki, wala usiniamini mimi. Mtafute wakili wa uhamiaji kabla hujagusa ganda.

Jingine: kujaza kwa matumizi yako hakuhitaji leseni ya shirikisho. Ukianza kujazia marafiki kwa pesa umekuwa mtengenezaji, hiyo ina leseni yake.

#14 Mgosi_wa_Dakota

Wakuu nimerudi, wiki tatu zimepita.

Vichwa vya greni 50, matundu sasa ni duara safi. Mkale, Mungu akuweke. Nimetoka inchi nne nimefika inchi moja na nusu hivi. Lakini kuna mawili yananitesa.

La kwanza, katika tano, tatu zinashikana na mbili zinaenda zake.

La pili linanitia hofu. Bolti, lile komeo la kufungia chemba, imeanza kuwa nzito. Nimepunguza baruti mara mbili, niko karibu na kiwango cha chini cha kitabu, bado nzito. Inagoma kidogo kufunga na inagoma zaidi kufungua. Maganda ni yaleyale niliyoanza nayo, nadhani mzunguko wa nne au wa tano wa kujazwa. Mengine niliokota kwenye uwanja wa shabaha.

#15 Mzee_Mizani

Simama hapo. Usipige nyingine.

Soma ulichoandika mwenyewe: bolti inagoma *kufunga*. Unapofunga baruti bado haijawaka, sasa ina kosa gani? Umekuwa ukiiadhibu bure. Risasi yako haiingii vizuri ndani ya chemba. Tafuta kilichokua.

Nijibu haya:
Umewahi kupima urefu wa maganda?
Umewahi kuyakata?
Kalibu unayotumia inabana shingo (pale kichwa kinapoingia) peke yake au ganda zima?
Kwenye vitako imeandikwa nini?

#16 Mgosi_wa_Dakota

Kalipa ya kupimia milimita ninayo. Nimepima kumi: mafupi kuliko yote milimita 44.6, marefu 44.95. Sijawahi kukata. Kalibu ya shingo tu, niliambiwa ganda linadumu zaidi. Vitako vina kila jina: mengi LC na tarakimu mbili, kuna ya FC, kuna R-P, na mengine matatu siyajui.

#17 Mzee_Mizani

Sasa tunaongea. Kaa chini, hii ni ndefu.

Ukipiga, ganda linavimba likajaza chemba, halafu ukilibana tena kwenye kalibu shaba inatafuta pa kwenda, inakwenda mbele. Shingo inarefuka. Kila mzunguko kidogo. Kwa .223 urefu wa mwisho ni milimita 44.70, na ukikata unalirudisha 44.45. Lako la 44.95 limezidi robo milimita. Unaweza kuona ni unywele, lakini chemba ina ukingo mbele ya shingo. Mdomo wa ganda ukifika pale unabanwa kuzunguka kichwa. Fataki ikiwaka kichwa kinatakiwa kitoke na shingo imeshikwa na chuma, haina pa kufungukia, shinikizo linapanda, na hapo kupunguza baruti kidogo hakukuokoi. Kiwango cha .223 ni pauni 55,000 kwa inchi ya mraba. Hicho kitu kiko shubiri moja kutoka shavuni mwako.

Kwa hiyo: kata yote yawe sawa. Ukishakata, mdomo una makali ndani na nje, yatoe kwa kile kikato cha mkono, mara mbili tatu kwa vidole, usichonge kama penseli. Hakuna haja ya mashine ya bei.

Halafu bega, yaani pale ganda linapofinyika kuelekea shingo. Ukibana shingo peke yake, bega la ganda halirudishwi nyuma, kila ukipiga linasogea mbele kidogo mpaka siku linaanza kusukumana na chemba. Mzunguko wa kwanza, wa pili, husikii. Wa nne bolti inakuambia. Rudi kwenye kalibu ya ganda zima. Lakini usiishushe mpaka mwisho kama wanavyosema kwenye karatasi ya sandukuni, maana utarudisha bega mno, ganda litanyooka kila ukipiga, na siku moja litakatika juu kidogo ya kitako. Nunua kipimo cha bega cha kuvisha kwenye kalipa, pima ganda lililopigwa, kisha geuza kalibu robo kwa robo mpaka bega lirudi mia tano za milimita... samahani, tano za mia, yaani 0.05. Hapo funga nati.

Paka mafuta ya kubania kabla. Ukisahau, ganda litakwama ndani ya kalibu na jioni yako imekwisha. Najua.

Sasa hizo mbili zinazoenda zake. Maganda sita ya viwanda sita yana nafasi tofauti ndani. Baruti ileile kwenye chumba kikubwa na kwenye chumba kidogo haisukumi sawa. Tenganisha kwa majina. Za LC weka fungu lake.

#18 Mkale_wa_Casper

Naongezea: hizo LC ni za kijeshi, zimetoka Lake City kule Missouri, ni nene, kwa hiyo punguza baruti.

#19 Mzee_Mizani

Mkale, hapo nakupinga kidogo. Hilo la unene ni kweli kwa maganda makubwa ya kijeshi, .308 na .30-06. Kwa 5.56, yaani ndugu wa kijeshi wa .223, tofauti mara nyingi ni ndogo, wakati mwingine ya kiraia ndiyo yenye nafasi finyu. Asikisie. Apime: ganda lililopigwa, fataki yake ikiwa bado kitakoni ili isivuje, lipime kavu, lijaze maji mpaka mdomoni, lipime tena. Afanye kwa matano ya kila jina. Mizani itasema.

Ila LC zina kitu kingine. Jeshi linabana ukingo wa tundu la fataki ili isitoke. Ukiitoa ya zamani, ule ukingo unabaki. Ukisukuma fataki mpya kwa nguvu inapondeka, au inakaa juu juu. Ukingo lazima utolewe, kwa kukata au kwa kusukuma na chombo chake. Mara moja tu maishani mwa ganda, basi.

#20 Mkale_wa_Casper

Nimekubali Mzee. Nilirithi hilo neno kwa aliyenifundisha, sikuwahi kupima.

#21 Mlugaluga

Naendelea kujifunza kitu ambacho siruhusiwi kufanya 😂 Lakini niulize: wale wanyama si mnawaonea? Sisi huku Morogoro ngedere na nguruwe pori wanamaliza mahindi usiku mmoja, tunawafukuza kwa mbwa na madebe. Hao wenu wanakula nyasi tu.

#22 Bi_Nebraska

Mlugaluga umeuliza swali ambalo hata huku wanagombana nalo. Mwenye ng'ombe anaona nyasi zimekwisha na mashimo. Watu wa uhifadhi wanasema mbuga ile inaishi juu ya mgongo wa huyo kindi: bundi wanakaa mashimoni mwake, na kuna mnyama mmoja, kicheche mwenye miguu myeusi, karibu chakula chake chote ni hao. Kicheche huyo walidhani ameshatoweka duniani, mpaka 1981 mbwa wa ranchi moja karibu na Meeteetse, Wyoming, akaja nyumbani na mzoga wa mmoja. Kufika 1987 waliobaki walikuwa 18, wote wakakamatwa wazalishwe. Leo wamerudishwa sehemu kadhaa, na Conata Basin huko kwa Mgosi ni mojawapo.

Halafu kuna tauni. Ndiyo, tauni ileile ya viroboto, tunayoisikia Lushoto tangu tukiwa watoto. Prairie dog wanaipata, kijiji chote cha mashimo kinakufa. Mgosi usiwashike kwa mikono mitupu, na mbwa wako asiwalambe.

#23 Mgosi_wa_Dakota

Dada, bibi yangu alikuwa akituhadithia tauni ya Lushoto. Sikujua kwamba nimevuka bahari nikaja kukutana nayo.

Conata Basin sigusi, ni marufuku kupiga pale. Kwenye ardhi ya umma ya jimbo hili kuna miezi ya kufunga pia, kuanzia Machi 1 mpaka Juni 14, wakati wana watoto. Mimi nipo ardhi ya mtu binafsi, lakini nafuata miezi hiyohiyo. Mwenye ranchi ananicheka, anasema mimi ni mhifadhi mwenye bunduki. Mlugaluga, nyasi walizokula kindi hao ndizo ndama angekula. Sisemi ni haki, nasema ndivyo tajiri anavyohesabu.

#24 Mzee_Mizani

Kama unawaacha mbugani, tai na mwewe wanakuja kula, na kichwa chenye kiini cha risasi kinapasuka vipande vidogo kama mchanga wanavimeza. Kuna vichwa visivyo na madini hayo, Hornady wanavyo, Barnes wanavyo. California tangu Julai 2019 ni lazima kwa uwindaji wote. Ni ghali, na ni virefu kidogo kwa uzito uleule kwa sababu shaba ni nyepesi kuliko risasi, kwa hiyo kwa msokoto wako wa 12 chukua vyepesi.

Kwa kuwa tumefika hapa: hiyo presi yako ya RCBS, unajua herufi ni za nini? Rock Chuck Bullet Swage. Rock chuck ni panya-mlima wa huku magharibi, mnene, mharibifu. Wakati wa vita kuu ya pili vichwa havikupatikana, Fred Huntington wa Oroville, California, akatengeneza kalibu za kugeuza maganda yaliyopigwa ya .22 ndogo kuwa ngozi za vichwa vya kuwindia hao panya. Maganda ya kutupwa! Kiwanda kizima kilianzia kwenye mnyama wa ukoo mmoja na huyo unayempiga wewe.

#25 Dogo_Lincoln

Hii ya maganda ya kutupwa imenikumbusha vibatari vya makopo nyumbani.

Mgosi, inalipa lakini? Kihesabu.

#26 Mgosi_wa_Dakota

Kwa bei nilizolipa mimi: fataki senti 8, baruti kama senti 16 kwa sababu pauni moja inanitolea zaidi ya risasi 250, kichwa senti 27. Jumla nusu dola, ganda nalitumia tena. Ya dukani ni dola na senti 35. Lakini usimwambie mke wangu niliyolipa kwa presi, mizani, kalibu, kalipa, kikato, kipimo cha bega, na vichwa vya greni 75. Wakati wa uhaba wa 2020 na 2021 jamaa zangu wanasema fataki zilifika senti kumi na zaidi kila moja, na kuipata ilikuwa bahati.

#27 Mkale_wa_Casper

Na usizimwage fataki kwenye chupa ya kioo eti zionekane vizuri. Nimeona mtu anafanya. Moja ikiwaka zinawaka zote pamoja, na kioo kinakuwa kombora. Ziache kwenye trei zake. Baruti vilevile ibaki kwenye kopo lake, kopo moja tu mezani. H4895 na IMR 4895 zina tarakimu sawa na si kitu kimoja.

#28 Mgosi_wa_Dakota

Ripoti.

Nilikata maganda 212. Siku mbili za theluji, vidole vimeota sugu. Matatu yalikuwa na mstari mng'avu kuzunguka chini, juu ya kitako. Nikachukua waya niliokunja ncha nikapapasa kwa ndani, kuna mfereji. Nimeyaponda kwa nyundo nikayatupa. Mzee, moja kati ya hayo ningelipiga wiki hii.

Nimepima maji. LC zangu na R-P hazitofautiani kwa kitu cha maana. Za FC ndizo zilikuwa na nafasi ndogo. Mzee alisema.

Kalibu ya ganda zima, bega nyuma 0.05. Bolti sasa inafunga kwa kidole kimoja. Nikaanza tena chini ya kitabu, nikapanda hatua ndogondogo kwa maganda ya LC peke yake, nikaandika kila kitu kwenye daftari la shule la mwanangu. Hatua ya tatu nikasimama, sikuona sababu ya kuendelea: risasi tano, yadi 100, sehemu saba za kumi za inchi, katikati mpaka katikati. Nikarudia kesho yake kwa upepo, nane.

Jana jioni, yadi 210 kwa kipima umbali, nilipiga kumi na moja nikakosa mbili. Hizo mbili ni upepo na ubishi wangu.

#29 Mzee_Mizani

Safi. Daftari hilo liandike na tarehe, baridi, na namba ya kopo la baruti. Kopo jipya likifunguliwa shuka kidogo uanze tena.

#30 Bi_Nebraska

Na mashine ya kutikisa?

#31 Mgosi_wa_Dakota

Ipo nje dada, nimeifunika turubai. Naosha kwa ndoo. Watoto tumewapeleka kupimwa, majibu wiki ijayo.

Jambo la mwisho. Nina vile vichwa 180 vya greni 75, vipya, boksi halijachafuka. Mwenye mtutu wa 1 kwa 8 anione inbox.

#32 Mkale_wa_Casper

Mimi. Yangu ni 1 kwa 8, nimepima kwa ufito. Vichwa vitupu posta wanapokea. Kilo ya kahawa ya Nyeri kwa hivyo vyote?

#33 Mgosi_wa_Dakota

Kilo mbili.

#34 Mkale_wa_Casper

Moja na nusu, na usiongeze neno.

#35 Mgosi_wa_Dakota

Nitumie anwani.